Kivuli cha Shadiah na Sehemu D

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba ya Juwairiya huko Walukuba, mjini Jinja, na kushusha bunda la majarida lililofungwa kwa kamba. Juwairiya aliikata kamba kwa kisu chake cha ukindu, akatoa nakala moja na kuinusa. Wino wa Mbale ulinukia mafuta ya taa. Zilizobaki alizipanga juu ya kabati, mbali na kikaango, maana mwezi wa kwanza majirani walizifungia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na ukurasa wote wa mifupa ukalowa mafuta.

Jarida liliitwa Kwa Nini. Mwenyewe alikuwa Bwana Khaemba, aliyefundisha fizikia Mbale miaka thelathini. Alipostaafu aliona kwamba watoto aliowafundisha walijua kukariri lakini hawakujua kuuliza. Aliliandika kwa Kiswahili ili livuke mpaka wa Busia na Malaba bila kubadilisha nguo. Upande wa Jinja jambo hilo lilimletea taabu, kwa sababu watu wengi wa umri wake waliijua lugha hiyo kama lugha ya askari, ya kuambiwa lala chini. Alipotafuta mtu wa kuwasomea watoto wa Walukuba aliwakosa walimu, akampata Juwairiya. Juwairiya alikuwa Mnubi. Kiswahili kilikuwa nyumbani kwao tangu babu yake alipovua sare ya jeshi. Shule aliiacha darasa la tano.

"Mwalimu wa darasa la tano!" Nabifo, jirani yake muuza nyanya, alimtania. "Kesho utatuamuru tupige saluti."

"Wewe anza kwanza kupiga mswaki," Juwairiya alimjibu, na watoto wakacheka mpaka akawanyamazisha kwa jarida.

Walikuja saa tisa alasiri, wakitoka shule, wakajibana barazani. Juwairiya alisoma huku kidole kikitembea chini ya mstari. Neno asilolijua alilisoma polepole, kisha tena, mpaka likazoea mdomo wake. Alisoma kuhusu mchwa, kuhusu umeme wa radi, kuhusu kwa nini maji ya Mto Nile yanaondoka ziwani na hayarudi. Zamani darasani alikuwa akikalishwa nyuma. Sasa watoto hamsini walimtazama mdomo, na yeye jambo hilo halikumchosha hata siku moja.

Binti yake Shadiah alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alikaa karibu na mlango kwa sababu ya kikohozi. Kikimshika aliingia ndani, akakohoa mpaka kikaisha, kisha akatoka na kuuliza wamefika wapi. Alikuwa nacho tangu kile kiwanda cha kuyeyushia vyuma chakavu kilipofunguliwa nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba. Baba yake, Adrisi, alifanya kazi humo, kwenye tanuri. Jioni moshi ulitangulia kufika nyumbani, Adrisi akafuata.

Toleo la mwezi wa pili lilikuwa na jaribio la kivuli. Tafuta, jarida lilisema, saa ambayo kivuli chako kinalingana nawe kwa urefu. Shadiah alichukua uzi wa ukindu wa mama yake, akajipima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaufunga fundo. Siku ya kwanza alichelewa, jua likawa limepanda na kivuli kimefupika. Siku ya pili kulikuwa na mawingu. Siku ya tatu, Jumamosi, saa nne kasoro robo, uzi na kivuli vililingana sawasawa, na ndani ya kivuli mapafu yakaonekana.

"Mama, njoo, nimeipata!"

Juwairiya alitoka na unga mikononi. Kivuli kilikuwa kimelala juu ya mchanga, miguu ikiwa imegusana na miguu ya Shadiah. Mapafu yalikuwa mawili, ya rangi ya waridi, yakitanuka na kunywea. Moyo ulikuwa katikati, umeelemea upande mmoja, unapiga. Kutoka kwa kila kitu mstari mwembamba ulikwenda mpaka nje ya kivuli, na mwisho wa mstari pakawa na herufi, kama kwenye karatasi ya mtihani. A ilikuwa bomba la hewa. B ilikuwa pafu. C ilikuwa moyo. Mstari wa D ulikwenda chini kabisa ya mapafu, mahali palipokuwa peusi kama upande wa nje wa sufuria.

"Umepima vizuri?" Juwairiya aliuliza.

"Nimepima mara mbili."

"Basi andika kwenye daftari, usije ukasahau."

Shadiah aliandika tarehe, saa na herufi nne. Alipoingia kivulini mwa nyumba picha iliondoka, alipotoka ikarudi. Baadaye walijua kwamba ilionekana mara mbili kwa siku, saa nne kasoro robo asubuhi na saa kumi kasoro robo jioni, kwa muda wa kama dakika ishirini. Adhuhuri kivuli kilipojikunja chini ya miguu yake hakikuwa na kitu.

Jumatatu Madam Gorreti, mwalimu mkuu, aliletewa habari na watoto kabla ya kengele. Shule yake ilikuwa na wanafunzi mia moja na arobaini katika darasa la saba pekee, na picha moja ya mwili wa binadamu ambayo mchwa waliila kuanzia shingoni kushuka. Alimtoa Shadiah nje, akatazama saa yake, akangoja. Picha ilipokuja aliizunguka yote, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha alituma watu wapake chokaa ile sakafu ya saruji palipokuwa na tangi la maji zamani.

"Mama Shadiah," alimwambia Juwairiya jioni ile, "mimi nakwambia kweli. Huyu mutoto yako ni msaada mukubwa. Wizara inatuahidi vifaa kila mwaka, haileti. Wewe umeleta."

Juwairiya alirudi nyumbani akipitia njia ndefu, ile inayopita dukani, apate kusalimiwa.

Ratiba ya shule ilibadilishwa. Sayansi ikawa saa nne kasoro robo kwa madarasa yote, kwa zamu. Shadiah alisimama ukingoni mwa sakafu nyeupe, wanafunzi wakakaa pande tatu wakichora. Siku za mvua walisoma historia. Asubuhi alipokunywa uji shule nzima iliuona ukishuka, na siku aliyokataa kunywa Madam Gorreti alimrudisha nyumbani akanywe, kwa sababu somo lilikuwa juu ya tumbo.

"Mama, mimi si ubao," Shadiah alisema siku moja.

"Ubao ungekuwa na heshima kama yako?" Juwairiya alimuuliza huku akimnyooshea kola.

Yeye mwenyewe alianza kusuka. Alikuwa fundi wa tabaga, zile sinia za ukindu za rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula, na mwezi ule badala ya nyota na maua alisuka kivuli cha mwanawe, mapafu ya waridi juu ya ardhi nyeupe. Kwa ile D alitumia ukindu mweusi, mizunguko miwili. Madam Gorreti aliitundika ofisini. Mwezi uliofuata Juwairiya alisuka nyingine, akitazama kivuli saa ya jioni ili asikosee, na nyeusi ikaenda mizunguko mitatu. Mwezi wa tano ikawa minne. Mwezi wa sita ukindu mweusi ulimwishia kabla hajamaliza, ikabidi atie mwingine rangi.

Tabaga zote zilitundikwa kwa mpangilio, kutoka nyepesi hadi nzito. Wageni wa wilaya waliokuja kukagua vyoo walizisifu. Afisa mmoja alisema hajaona ukuta uliopambwa vizuri hivyo.

Juwairiya naye alizitazama. Kuhesabu mizunguko hakuhitaji darasa la sita.

Bwana Khaemba alipokuja kwa teksi kutoka Mbale kumwona mtoto, Juwairiya alingoja mpaka kivuli kifike, kisha akamshika mkono wa shati.

"Bwana Khaemba, hii D ni nini?"

Mzee alivaa miwani, akapiga magoti juu ya chokaa. Alikaa hapo mpaka suruali ikawa nyeupe magotini. Shadiah alikohoa, na ile D ikatikisika kama majivu ndani ya kikapu.

"Masizi," alisema. "Ni masizi ya hicho." Hakuinua kidole. Alielekeza kidevu upande wa bomba la kiwanda. "Nitaandika hivyo hivyo. Sayansi ni kuandika unachokiona."

Aliandika hivyo hivyo. Juwairiya alionyeshwa ukurasa wenyewe kabla haujachapwa, nao ulisema: D ni masizi ya kiwanda, si sehemu ya mwili. Lakini mwezi ule bei ya karatasi ilipanda huko Mbale, na jarida likawa karibu kufa. Kiwanda kikajitolea karatasi ya mwaka mzima, kwa kuwa meneja wake alisema anapenda sana watoto na elimu. Alikuja shuleni mwenyewe, akatazama kivuli cha Shadiah, akampa kalamu ya wino. Ofisini kwa Madam Gorreti alizipenda tabaga, akaomba auziwe moja. Alichagua ile nzito kuliko zote, kwa sababu ililingana na viti vyake.

Toleo lilipotoka, sura ya Shadiah ilikuwa kwenye jalada, ana kilemba cheupe na anacheka. Ndani, kwenye mchoro, maneno yalikuwa haya: D ni sehemu ya chini ya pafu, rangi yake nyeusi.

Juwairiya alilisoma neno hilo mara tatu kwa kidole. Kisha aligeuza jarida akatazama tena jalada. Alichukua nakala sita, akapeleka moja kwa kila aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wa Mnubi wa Walukuba ataishia kukaanga kabalagala. Nabifo alipewa yake, akaitazama kwa muda.

"Jamani huyu amefanana na mimi," alisema.

Adrisi aliirudia ile D kimoyomoyo, akifuata maneno kwa macho, kisha akaliweka jarida mezani taratibu. "Wameandika vizuri," alisema. "Kama wangeandika lile la kwanza, Jumatatu ningerudi na sanduku langu, sina kazi." Wakala chakula cha jioni.

Likizo ya mwezi wa nane Bwana Khaemba aliwaita Mbale kwa Siku ya Kwa Nini, ambapo shule zingekutana na Juwairiya angesoma jukwaani. Walitangulia siku nane mapema, wakafikia Namakwekwe kwa Rahmah, dada yake Juwairiya, aliyeolewa huko. Nyumba ya Rahmah ilitazama mlima. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka kwenye majabali ya Wanale ukapita uani kama mgeni anayetafuta choo, na hewa ilikuwa baridi, na haikuwa na ladha yoyote.

Siku ya tatu Shadiah hakukohoa. Siku ya tano alikimbizana na watoto wa Rahmah mpaka kisimani na kurudi.

"Mama, hapa nikikimbia sisimami," alisema. Alisema kama anavyosema mtu kwamba sokoni kuna vitunguu.

Juwairiya alimtoa uani saa nne kasoro robo. Alikuwa na tabaga mpya mapajani, akaanza kuisuka kwa kutazama. Ile nyeusi ilikuwa imepungua. Siku ya saba ilitosha mzunguko mmoja na nusu. Siku ya nane mstari wa D ulikuwa bado upo, na herufi yake ipo, lakini ulinyooka ukaishia kwenye rangi ya waridi, na palibaki ukungu mwembamba tu, kama alama ya kikombe mezani.

"Mwachie hapa," Rahmah alisema. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Shule zipo. Kitanda kipo. Mimi si mama wa kambo."

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini, Juwairiya? Si umeona?"

"Nimeona."

Mama unayesoma, hapa ushike mkono wa mwanao, kwa sababu Juwairiya hakuushika.

Siku ya tisa watoto mia tatu walikaa uwanjani. Shadiah alisimama kwenye kitambaa cheupe. Juwairiya alipanda jukwaani na gauni lake la gomesi la zambarau, mkanda umefungwa vizuri, na alipofungua mdomo sauti ilitoka safi mpaka kwenye uzio. Alisoma A. Alisoma B. Alisoma C, na watoto wakaona moyo ukipiga, wakapiga nao makofi kwa mwendo wake. Kisha akafika D.

Ukurasa ulikuwa mbele yake. Kivuli kilikuwa mbele yake. Bwana Khaemba alikuwa mstari wa mbele, amekunja kofia yake mikononi.

"D ni sehemu ya chini ya pafu," Juwairiya alisoma, "rangi yake nyeusi."

Alilisoma vizuri sana. Watoto mia tatu walitazama kivuli, ambacho hakikuwa na weusi, kisha wakatazama ukurasa, wakaamini ukurasa. Msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, kivuli kikafupika, mapafu yakaondoka, na watu wakaanza kugawa soda. Bwana Khaemba aliutazama ule mkono mpaka uliposhuka wenyewe.

Jioni simu iliita. Alikuwa Madam Gorreti.

"Mama Shadiah, nasikia mutoto anabaki huko? Sisi tuna mitihani tukifungua. Watoto mia moja na arobaini, na picha ni yeye tu. Wazazi wananiuliza. Meneja pia ananiuliza, anataka kuleta wageni. Mimi niwaambie nini?"

Juwairiya alitazama nje. Shadiah alikuwa anaruka kamba, anahesabu kwa sauti, amefika tisini na moja. Kama angebaki Mbale angekuwa mtoto kama wengine, mwenye kivuli kinachoonyesha afya, ambacho hakuna anayekihitaji. Walukuba alikuwa Shadiah. Na mama yake alikuwa Mama Shadiah, anayesimamishwa njiani na walimu.

"Waambie tunakuja kesho," alisema.

Rahmah aliwafungia ndizi za njiani. Teksi ilipovuka Iganga Shadiah aliegemea dirisha akalala, na walipoikaribia Jinja aliamka kwa kukohoa.

"Tumefika," alisema.

Mtihani wa majaribio wa darasa la saba, unaotungwa na walimu wenyewe, ulikuwa na swali la pafu. Chora, taja sehemu nne. Watoto wote wa Madam Gorreti walichora D na kuipaka penseli mpaka karatasi ikang'aa. Mtoto mmoja tu, aliyehamia kutoka Mafubira wiki ileile, alichora pafu safi. Madam Gorreti alimwandikia kwa wino mwekundu: Hujamaliza. Shule ilipata alama za sayansi ambazo haikuwahi kupata tangu ijengwe. Juwairiya aliitwa mbele ya wazazi, akavishwa shada la maua ya plastiki, na watu walisimama. Shada hilo lipo ukutani mpaka leo, karibu na tabaga ya Mbale, ile isiyo na nyeusi. Hiyo hakuipeleka shuleni. Wanaoingia humuuliza mbona hii hakuimaliza.

Sasa ni mwaka mwingine. Nyeusi imepita nusu ya pafu, na kiwanda kimeongeza tanuri la pili. Jarida linaendelea kuja kila Jumanne ya kwanza, na karatasi yake ni nzuri, nzito, haipenywi na mafuta. Watoto wameongezeka mpaka wanakaa hadi kwenye meza ya nyanya za Nabifo. Shadiah bado anakaa karibu na mlango, lakini haingii ndani tena kukohoa, maana ataingia mara ngapi. Anakohoa palepale, na Juwairiya anangoja, kidole juu ya neno, mpaka amalize.

Jumanne iliyopita walikuwa wakisoma juu ya watu wanaoishi milimani. Nabirye, mtoto wa miaka saba mwenye maswali mengi, aliinua mkono.

"Mama Shadiah, watu wa Mbale wana D?"

Juwairiya alilaza jarida mapajani.

"Hawana," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Watoto walitazamana. Nabirye aliweka mkono kifuani pake, chini, upande wa kushoto, mahali pa D, kama anayehakikisha kwamba yake ipo.

"Maskini," alisema. "Sasa wanapumulia nini?"

Nabifo alicheka mpaka nyanya mbili zikaanguka. Watoto nao wakacheka, na wawili wa mbele wakaanza kukohoa kwa kucheka. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Jua lilikuwa limewapiga mgongoni, na kila mtoto alikuwa na kivuli mbele yake kilicholingana naye sawasawa. Mapafu ya Shadiah yalikuwa wazi chini, yanapanda na kushuka, na D imeandikwa vizuri. Vivuli vya wengine vilikuwa kama vya watu wote, vyeusi kutoka kichwani hadi miguuni, na huwezi kujua ndani yake D inaanzia wapi.

Juwairiya alivitazama kimoja kimoja mpaka wa mwisho. Kisha alilowesha kidole, akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti safi iliyofika mpaka barabarani.